Madini "safi" ya Kivu: watafiti wa Bukavu wanauliza ni nani anayelipa

Mwezi wa pili 2025, wizara ya migodi ya Congo iliweka machimbo 38 ya wilaya za Masisi na Kalehe katika rangi nyekundu. Maana yake ni kwamba madini yanayotoka pale hayaruhusiwi kuuzwa wala kusafirishwa kihalali. Sababu inajulikana. Machimbo ya coltan ya Rubaya yako mikononi mwa M23 tangu mwaka 2024, na mwishoni mwa mwaka ule wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo linatoza kodi juu ya madini hayo, na kwamba yanavushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko.

Wachache watabisha kwamba kundi lenye silaha lisitajirike kwa coltan. Lakini kwa mchimbaji anayeshinda ndani ya shimo, rangi nyekundu inaleta swali lingine: kesho atamuuzia nani, na kwa bei gani? Swali hilo si geni kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, UCB, hasa wa kituo chake cha masomo ya migodi, CEGEMI, ambacho hushirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji.

Ulaya na Marekani, biashara yenye kuwajibika husomwa mara nyingi kuanzia juu: kampuni ya simu itajuaje kwamba madini yake hayakununua risasi? Bukavu, jambo lilelile husomwa kuanzia chini ya shimo: kampuni ikitaka madini safi, gharama ya kuyasafisha inabebwa na nani?

Somo la "sheria ya Obama"

Jibu la kwanza lilipatikana kwa uchungu. Mwezi wa saba 2010, rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani zieleze kama bati, tantalum, tungsten na dhahabu wanazotumia zinatoka Congo au nchi jirani. Sheria haikukataza kununua. Lakini kwa kampuni nyingi, kuacha madini ya Congo kulikuwa rahisi kuliko kuchunguza yalikotoka.

Miezi miwili baadaye, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ruhusa ilirudi mwezi wa tatu 2011, lakini wanunuzi wengi hawakurudi. Pale Nyabibwe, wilayani Kalehe, mpango wa kufunga mifuko ya kasiterite kwa etiketi zenye namba ulikuwa umeanza kujaribiwa mwaka 2010. Katazo likaukata, na ulirudi tu mwezi wa kumi 2012. Kwa miaka hiyo miwili, familia zilizolipa minervali kwa pesa ya shimo zilibaki kujitafutia.

Utafiti uliofuata ulionyesha ukubwa wa jeraha. Mwaka 2016, Dominic Parker, Jeremy Foltz na David Elsea walitoa hesabu yao kuhusu vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyoguswa na sheria hiyo: kwa makadirio yao ya chini kabisa, vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa asilimia 143. Mwaka 2018, Nik Stoop, Marijke Verpoorten na Peter van der Windt walionyesha kwamba vita na uporaji vilizidi badala ya kupungua, hasa katika wilaya zenye dhahabu nyingi. Dhahabu ni rahisi kuficha, na wenye silaha wanaijua njia yake.

Mwezi wa tisa 2014, wataalamu 70, wakiwemo Wacongomani, walikuwa tayari wameandika barua ya wazi kuonya kwamba kampeni ya madini ya damu ilikuwa inawaumiza watu iliotaka kuwaokoa. Lakini wakati huo, sheria ilikuwa na miaka minne.

Etiketi, ushirika na mashine

Baada ya hapo zilikuja njia mpya. Etiketi moja inafungwa kwenye chimbo, nyingine kwa negosia, ili mfuko ufuatwe hadi kwa mnunuzi wa nje. Ni uvumbuzi wenye maana, kwa sababu umerudisha soko mahali lilipokuwa limekufa. Ila ada ya mpango hulipwa na wanaosafirisha madini nje, nao huipunguza kwenye bei wanayompa negosia, na negosia hufanya vilevile kwa mchimbaji. Mchimbaji hana wa kumshushia. Na tayari amegawa mavuno yake na "PDG" wa shimo, mwenye ardhi na watumishi wa serikali.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inamtaka pia mchimbaji awe ndani ya ushirika. Kwenye karatasi, ushirika ni wa wanachama. Lakini utafiti wa Jorden de Haan na Sara Geenen wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mashariki mwa Congo mara nyingi ushirika hushikwa na walewale waliokuwa na nguvu tangu zamani, na mchimbaji hubaki kuwa mfanyakazi wao, sasa akiwa na kadi.

Si kila uvumbuzi unatoka nje. Kamituga, wilayani Mwenga, watu wenyewe walileta mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Divin-Luc Bikubanya wa CEGEMI na Ben Radley waliandika mwaka 2022 jinsi mashine hizo zilivyoongeza uzalishaji na faida. Habari hiyo ni muhimu, kwa kuwa kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba maendeleo ya migodi lazima yaletwe na kampuni kubwa ya kigeni. Lakini mashine hizohizo zilichukua kazi ya akina mama waliokuwa wakitwanga mawe kwa mikono. Hata uvumbuzi wa nyumbani una mtu anayeulipia.

Utafiti nao una deni

Watafiti wa Bukavu wamelielekeza swali hilo kwao wenyewe pia. Katika mfululizo wa maandishi uliojulikana kama Bukavu Series, uliotoka kitabu mwaka 2020, watafiti wa Congo na wenzao wa Ulaya walieleza jinsi mtafiti wa hapa anavyovuka vizuizi vya wenye silaha ili kukusanya majibu, kisha jina lake linakosekana juu ya makala. Ni sawa na safari ya mfuko wa coltan: mwenye kuubeba yuko hapa, bei inapangwa mbali.

Ndiyo maana uamuzi wa mwaka 2025 unastahili kupimwa kwa kilichojulikana tayari, wala si kwa nia yake tu. Mwaka 2010 serikali na wabunge wa Marekani wangeweza kusema hawakujua. Leo hawawezi. Inajulikana kwamba kufunga soko bila kumfungulia mchimbaji mlango mwingine hakumnyang'anyi mwenye bunduki njia ya magendo, bali humnyima mchimbaji mnunuzi wa halali.

Hakuna anayeweza kuweka etiketi za kuaminika pahali penye utawala wa silaha, na rangi nyekundu inasema ukweli huo. Lakini inapotangazwa, inapaswa kuja na majibu matatu: familia zitaishi kwa nini, uchunguzi utarudiwa lini, na ada ya kurudisha soko italipwa na nani. Maswali hayo yameshafanyiwa kazi Bukavu, ila kwa sehemu kubwa kwa Kifaransa na Kiingereza, katika majarida ambayo mchimbaji wa Nyabibwe hatayaona kamwe.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokilalia wameshahojiwa mara nyingi. Kinachobaki ni kuwarudishia majibu kwa Kiswahili, na kuwasikiliza kabla sheria nyingine haijaandikwa.