Pima presha kabla ya kununua dawa ya kumbukumbu

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Tetu aliletwa katika kliniki yangu mjini Nyeri asubuhi moja akiwa ameegemea bega la bintiye. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia ulining'inia kama si wake. Bintiye alikuwa na mfuko wa karatasi, na ndani yake mlikuwa na chupa tatu za tembe zenye picha ya ubongo unaong'aa.

"Daktari, baba amekuwa akimeza hizi tangu alipoanza kusahau," aliniambia. "Tuliambiwa zinasafisha mishipa ya kichwa. Kwa hivyo zile za presha akaziacha."

Nilipima shinikizo la damu yake, nikapata 210 kwa 120. Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi. Alikimbizwa hospitalini, na namshukuru Mungu kwamba yu hai. Lakini mkono uliofundisha watoto kuandika kwa zaidi ya miaka thelathini hauwezi tena kushika kalamu, na kumbukumbu ambazo familia ilitaka kuziokoa sasa zimepungua kuliko hapo awali.

Jamaa zake wameniruhusu kusimulia kisa hiki bila kuwataja. Nakisimulia kwa sababu si cha kwanza kukiona. Kuanzia Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, siku ya soko haipiti bila gari lenye vipaza sauti kutangaza dawa ya kuamsha ubongo. Watoto walio Nairobi na ng'ambo huwatumia wazazi wao chupa kama zawadi. Wazazi nao huwanunulia watahiniwa mtihani wa KCSE unapokaribia. Chupa zilizoletwa kwangu na bintiye mwalimu zilikuwa zimegharimu shilingi 4,500 kila moja, na moja hutosha mwezi mmoja tu. Mzee anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi kutoka mpango wa serikali wa Inua Jamii angehitaji pesa za miezi miwili na zaidi ili kununua chupa moja.

Je, tembe hizi zinafanya kazi? Ni vyema msomaji apate jibu la haki, si la hasira.

Wataalamu huziita dawa hizi nutropiki. Jina hilo lilibuniwa mwaka wa 1972 na mwanasayansi Corneliu Giurgea, aliyekuwa akifanya kazi nchini Ubelgiji, na ndiye aliyetengeneza dawa ya kwanza ya aina hiyo, pirasetamu, katika miaka ya 1960. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado hakuna ushahidi wa kutosha kwamba pirasetamu huzuia au kuponya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Marekani haijawahi kuiidhinisha kuwa dawa.

Baada yake kuna majani ya mti wa ginko wa kutoka Uchina, ambayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya chupa za mwalimu wetu. Dawa hii imepimwa vizuri. Wazee 3,069 nchini Marekani, wenye umri wa miaka 75 na zaidi, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa ginko mara mbili kwa siku, na jingine likapewa tembe zisizo na dawa yoyote. Walifuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 2008, waliomeza ginko walikuwa wamepoteza kumbukumbu sawasawa na wale ambao hawakuimeza. Isitoshe, ginko yaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa mtu anayetumia aspirini au warfarini, na wagonjwa wa moyo wanaotumia dawa hizo ni wengi.

Sitaki kuonekana kama mtu anayepinga kila kitu. Utafiti uliofanywa nchini Marekani na kutangazwa mwaka wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba tembe za kawaida za mchanganyiko wa vitamini zilisaidia kumbukumbu za wazee kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho ni kidogo kweli, na walionufaika hawakuacha dawa zao nyingine ili kununua vitamini.

Tena kuna watu ambao ubongo wao unahitaji vitamini kwa dhati. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na upungufu huo huleta usahaulifu na ganzi miguuni. Mlevi asiyekula hupungukiwa na vitamini B1, na anaweza kuharibika ubongo ndani ya siku chache asipodungwa sindano mapema. Mama mjamzito akikosa madini ya joto, ubongo wa mtoto hudumaa kabla hajazaliwa, na ndiyo sababu chumvi ya kupikia nchini huongezwa madini hayo. Rovu lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda hizi za juu, na lililolipunguza ni chumvi ya bei ya chini iliyoingia katika kila jikoni. Lakini tazama tofauti: hapa tunajua kilichopungua, tunakirudisha. Muuzaji wa sokoni hajui kilichopungua. Yeye anauza tu.

Kuhusu watahiniwa, nitasema waziwazi. Kinachomfanya mwanafunzi ajihisi mwerevu baada ya kumeza tembe nyingi za aina hii ni kafeini, na kafeini hiyo anaweza kuipata katika kikombe cha kahawa iliyovunwa hapa kwetu Othaya au Mathira. Wengine huchanganya tembe hizo na vinywaji vya kuongeza nguvu, au hutafuna miraa na muguka ili wakeshe. Moyo huenda mbio, usingizi hutoweka, na mtahiniwa huingia chumba cha mtihani mikono ikitetemeka. Ubongo huhifadhi masomo ya mchana wakati mtu amelala. Mzazi anayemnunulia mwanawe dawa ya kukesha anamnunulia dawa ya kusahau.

Basi ni nini kinacholinda ubongo? Mwaka wa 2024 jopo la wataalamu walioandika katika jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, mafuta mengi katika damu, unene, sigara, pombe kupita kiasi, kukaa bila mazoezi, huzuni isiyotibiwa, upweke, kutosikia, kutoona, hewa chafu, na kuumia kichwa.

Soma orodha hiyo tena ukiwaza vijiji vyetu. Hewa chafu ni pamoja na moshi wa kuni ambao mama anavuta jikoni kila siku. Kuumia kichwa ni kijana wa bodaboda asiyevaa kofia ya chuma kati ya Chaka na Kiganjo. Kutoona ni cucu mwenye mtoto wa jicho ambaye angefanyiwa upasuaji mfupi. Kutosikia ni guka anayenyamaza barazani kwa sababu hafuati mazungumzo, nasi tunasema amezeeka akili. Pombe je? Mnamo Februari 2024, huko Kangai katika kaunti ya Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa kwa kunywa pombe haramu. Wale wasiokufa kwa siku moja wanapoteza ubongo wao polepole, na hakuna gari la vipaza sauti linalopita kuwatangaza.

Juu ya yote naiweka presha, kwa sababu haina maumivu na kipimo chake huchukua dakika mbili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Nyeri yenyewe ilichaguliwa mwaka wa 2018 kuwa mojawapo ya kaunti nne za majaribio ya mpango wa afya kwa wote, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa magonjwa kama kisukari na presha. Nasi ndio tunaonunua dawa ya kusafisha mishipa kutoka kwa mtu asiye na kipima presha!

Kama kuna anayedhani kwamba kutibu presha ni jambo la moyo tu na ubongo ni jambo jingine, namwelekeza Uchina. Huko, katika vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha walihusishwa katika utafiti. Katika nusu ya vijiji hivyo, wahudumu wa afya wa vijijini, ambao si madaktari bingwa, walipewa jukumu la kuhakikisha presha ya kila mgonjwa imeshuka kwa dawa za kawaida na za bei nafuu. Baada ya miaka minne, visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu vilikuwa vimepungua kwa asilimia 15 kuliko katika vijiji vingine. Sijaona chupa yoyote yenye picha ya ubongo unaong'aa iliyofanya hivyo.

Hapa baadhi ya wasomaji watanikatiza. Watasema: "Daktari, ni rahisi kwako kunena. Tukienda zahanati tunapanga foleni tangu alfajiri, tunaambiwa dawa za presha zimekwisha, na daktari anatuona kwa dakika tano bila kututazama usoni. Yule muuzaji hutusikiliza."

Ni kweli, na lawama hiyo naipokea. Hata mimi, miaka ya nyuma, nilipoletewa mzee msahaulifu na jioni imeingia, niliwahi kuandika pirasetamu ili familia iondoke imeridhika. Sikumpima damu, sikuuliza kuhusu pombe wala kuanguka, sikukagua masikio yake. Nilikuwa nauza matumaini kama yule wa sokoni, ila mimi nilikuwa na koti jeupe. Nimeacha mtindo huo, na nawaomba madaktari wenzangu waliozoea kuufuata wauache pia.

Kusahau si lazima kuwe uzee. Kunaweza kutokana na tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, virusi vya UKIMWI, huzuni, dawa za usingizi, au damu iliyoganda kichwani baada ya mzee kuanguka bafuni na kunyamaza. Mengi kati ya haya yana tiba. Kila mwezi unaopotea kwa kujaribu chupa baada ya chupa ni mwezi ambao tiba hiyo ingekuwa imeanza.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yangebadilisha hali hii, na hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, kila duka la dawa linalouza tembe za kumbukumbu limpime mnunuzi presha kabla ya kupokea pesa zake, na limuulize dawa anazotumia. Anayekutwa na presha ya juu aelekezwe hospitalini.

Pili, tangazo la sokoni au redioni linalodai kwamba tembe fulani inaponya kusahau au inachukua mahali pa dawa ya presha lisimamishwe hadi Bodi ya Famasia na Sumu ionyeshwe ushahidi. Mamlaka za kaunti hutoza ada za soko kila siku. Zinawajua wauzaji hao vizuri.

Tatu, tuwatumie wahudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba yenye kipima presha na kipima sukari. Kazi iliyofanywa na wenzao wa vijijini Uchina inaweza kufanywa hapa Mukurwe-ini na Kieni, mradi tu anayepatikana na presha akifika zahanati akute dawa ziko rafuni. Kumpima mtu kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni kumsukuma kwa yule mwenye vipaza sauti.

Nawe msomaji unayetaka kumtumia mzazi wako zawadi, hifadhi hizo 4,500. Mnunulie dawa zake za presha na za kisukari za mwezi. Kitakachobaki kinunue mboga za mnavu, njahi na omena. Mpeleke akapimwe macho na masikio. Mpigie simu mara kwa mara, umuulize habari za zamani, maana mazungumzo pia ni mazoezi ya ubongo. Na ukiona mdomo wake umekwenda upande au mkono umelegea ghafla, usingoje kesho.

Bintiye mwalimu hurudi kliniki kila mwezi kuchukua dawa za baba yake. Siku moja aliniuliza azifanyie nini zile chupa mbili ambazo hazikuwa zimefunguliwa. Nilimwambia azilete. Ziko juu ya meza yangu hadi leo, kando ya kipima presha, na kila anayeniuliza dawa ya kumbukumbu humwambia aketi na akunje mkono wa shati kwanza.