Mizani Imegoma, na Sitaiposti Tena

Haya, kabla hamjaanza kuniuliza: ndiyo, najua leo ni Jumapili, na najua Jumapili ndiyo siku ya mizani. Leo hakuna video ya mizani. Wiki ijayo pia hakuna. Imeisha hiyo.

Kwa wageni: mimi ni wa Ukunda, nina miaka 24, na miezi minane iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Ni ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama robo tatu hivi au zaidi, na kubakisha kitu chembamba mfano wa ndizi. Nilivuka feri ya Likoni nikiwa na kilo 131. Kaka yangu aliyeko Doha ndiye alitoa pesa nyingi, nyingine tukachangiana nyumbani. Tangu hapo kila Jumapili napanda mizani mbele ya simu, nanyi mnanipigia makofi kwenye komenti. 122. 115. 109. Raha tupu.

Ikafika 98 ikakwama.

Wiki ya kwanza nikasema ni chumvi. Ya pili nikasema ni siku zangu za mwezi. Wiki ya sita sikuwa na la kusema tena, na komenti zikaanza: "umeanza kula biriani nini?" Nikawaza pesa za kaka. Kuanzia Alhamisi nikaacha kula, na maji nikanywa ya kulowesha koo tu. Jumapili mizani ikasoma 96. Mnakumbuka ile video? Mliijaza mioto. Ambayo hamkuiona ni ya Jumatatu asubuhi, nilipoanguka pale steji, kiatu huku na mkoba kule, makanga wananimwagia maji kichwani. Jumatano nikapima tena: 98. Kumbe kilichotoka kilikuwa maji, si mafuta. Niliwadanganya, na nilijidanganya mimi kwanza.

Nilipoenda kliniki yule dada wa lishe hakuuliza kilo. Aliniuliza, "Jana ulikula nini, mamangu?" Nikamtajia chai, biskuti mbili, nusu glasi ya juisi ya miwa. Akanyamaza. Halafu akanionyesha nywele zangu zilizobaki kwenye kitambaa cha kiti.

Alichonieleza ndicho nataka na nyinyi mkijue, hata kama hamjawahi kukatwa chochote. Mwili wa kilo 98 hauhitaji chakula kile kile cha mwili wa kilo 131, kama vile tuktuk haimalizi mafuta ya lori. Kwa hivyo ukipungua, matumizi nayo yanapungua, mpaka mahali fulani hesabu inalingana na mizani inatulia. Tena mwili una ujanja wake: ukiona chakula kimekatika ghafla, unabana matumizi zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 14 waliowahi kushindana kwenye The Biggest Loser, kile kipindi cha TV cha kukonda kwa kasi. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Wale hawakufanyiwa upasuaji, najua, lakini mnaona mwili unavyojilinda.

Baada ya upasuaji kukwama hutokea kwa wengi, wengine hata wiki ya tatu tu. Si dhambi, wala si kwamba operesheni imeharibika. Kinachoharibu ni yale tunayoyafanya kwa hofu. Unajinyima, mwili unakosa protini, unaanza kula misuli yake wenyewe. Misuli ndiyo inayochoma nguvu hata ukiwa umelala. Sasa umekata mshahara na umemfukuza mfanyakazi.

Na hapa nina ugomvi na sisi tunaoposti. Video zetu zote ni za namba, na namba hazisemi umekula nini. Hazisemi umemeza vitamini zako, ambazo mtu aliyekatwa tumbo anazimeza maisha yake yote, maana tumbo dogo halivuni vya kutosha kutoka kwa chakula, hasa B12 na madini ya chuma. Mimi nilikuwa nazisahau. Nani angeweka like kwenye video ya kumeza kidonge?

Watu huniuliza kama lazima ununue zile poda za protini za bei ya simu. Nilinunua mkebe mmoja, ladha yake kama chaki yenye sukari. Lengo nililopewa ni angalau gramu 60 za protini kwa siku (wewe muulize daktari wako lako), na Pwani yetu inazitoa bila kelele. Mayai mawili ni kama gramu 12. Glasi ya maziwa lala, 8. Nusu kikombe cha pojo zilizopikwa, 7. Samaki wa gramu mia, kama 22. Jioni vipande vichache vya pweza, ambaye ana protini kuliko samaki wengi, na umefika. Pweza mtafune lakini! Tumbo dogo halina subira na wewe, mimi lilinitoa mezani mbele ya wageni.

Kanuni ni protini kwanza, mboga pili, wali au sima mwisho kama kuna nafasi. Maji usinywe na chakula, subiri nusu saa. Mtsunga wa nazi sikuacha, nimepunguza nazi tu.

Kinachotuponza ni vile vinavyoteleza: krispi za muhogo, biskuti, kaimati, juisi. Ukila samaki unashiba kwa vijiko vichache. Krispi unaweza kutafuna pakiti nzima kutoka Ukunda mpaka Diani bila tumbo kulalamika, kwa sababu zinalainika na kushuka. Mimi kukwama kwangu kulianzia hapo, nikiwa mkweli.

Halafu kuna harusi. Huku kwetu ukinenepa umenawiri, ukikonda unaulizwa unaumwa nini, na usipokula umemtukana mwenye shughuli. Nimegundua sinia ni rafiki yangu. Mkiwa watano kwenye sinia moja hakuna anayehesabu matonge yako. Chagua nyama, tafuna polepole, piga stori. Khalati yangu mpaka leo anaamini nilikula pilau nzuri sana mwezi uliopita. Nilikula vipande vitatu vya nyama na kachumbari.

Nilifikiri ningeendelea na Jumapili zangu nikiwa tu mkweli zaidi. Halafu wiki iliyopita ikaingia meseji kutoka kwa msichana wa Msambweni. Ana miaka 16, hajafanyiwa upasuaji wowote. Ameandika: "Dada, nimefanya kama wewe, tangu Alhamisi sijala. Mizani imeshuka kidogo tu. Niongeze siku ngapi?"

Kama mimi. Na sikuwahi kusema kwenye ile video kwamba sikula, ila kwenye komenti mtu aliuliza siri ni nini, nikajibu kwa utani "funga mdomo tu hehe". Hiyo ndiyo aliyoisoma.

Nilimpigia simu, tukaongea karibu saa nzima. Alikubali kumwambia mamake, na jana wamekwenda pamoja kuonana na daktari. Hayo mengine ni yake, siyaweki hapa.

Nimefuta video zote za mizani, 31. Mizani yenyewe nimempa mama anapimia unga wa maandazi ya kuuza, ingawa analalamika haisomi kitu chini ya kilo mbili. Mimi napimwa kliniki mara moja kwa mwezi, na damu pia. Leo mchana nimekula changu wa kuchoma, nusu upande, na mchicha. Nusu ya pili iko kwenye friji, nitaimaliza saa moja jioni.