Tairi rahisi au tairi ghali? Hesabu inayoishia kwenye mzigo wa mfanyabiashara

Mfanyabiashara wa mpakani mara nyingi hana gari. Anakodi. Akifika stendi au kwenye maegesho ya Fuso anauliza nauli ya mzigo, saa ya kuondoka, na kama dereva ana karatasi za kuvuka. Tairi haliulizi. Hilo analiona la mwenye gari. Lakini tairi likipasuka kabla ya kufika Namanga, Rusumo au Tunduma, vitunguu vinavyolala juani ni vya mfanyabiashara, na mteja wa upande wa pili anayemgeukia muuzaji mwingine ni wake pia.

Mwaka 2023 nilikuwa ndani ya Noah iliyokuwa ikitoka Arusha kwenda Namanga. Tulipokaribia Longido tairi la nyuma lilipasuka. La akiba lilikuwa kipara, halina hata upepo wa kutosha. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Wakati utingo akihangaika na jeki niliinama nikasoma ubavu wa lile lililopasuka: tarakimu nne za mwisho zilikuwa 1115. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2015. Kashata zake zilikuwa bado zinaonekana vizuri, na dereva aliapa kwamba alilinunua jipya, tena kwa bei nzuri. Yawezekana hakudanganya. Tairi linaweza kukaa ghalani miaka mingi likauzwa jipya, kwa kuwa halijawahi kukanyaga lami.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia swali ambalo wenye magari hubishana kila siku: anunue tairi la bei rahisi, ambalo sasa kwa kawaida ni la China, au ajibane anunue Michelin, Bridgestone, Continental au mengine ya daraja hilo? Jibu si jepesi kama wauzaji wa pande zote mbili wanavyotaka tuamini.

Tulivyofika hapa

Kanda hii iliwahi kujitengenezea matairi. Arusha kulikuwa na General Tyre, ubia wa Serikali ya Tanzania na mwekezaji wa nje, na mpira wa mashamba ya Kihuhwi mkoani Tanga na Kalunga mkoani Morogoro ulihusishwa na kiwanda hicho. Nairobi kulikuwa na Firestone East Africa, iliyokuja kuwa Sameer Africa na kuuza matairi ya Yana. Uzalishaji wa Arusha ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Nairobi walifunga mitambo mwaka 2016, wakilalamikia wingi wa matairi ya bei rahisi kutoka nje, na jina la Yana likaendelea kwa kuagiza matairi yaliyotengenezwa China na India.

Wakati huohuo masoko makubwa yalikuwa yakijifungia. Marekani iliweka ushuru wa kuzuia bei za kutupa kwenye matairi ya magari madogo ya China mwaka 2015. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2018 kwa matairi ya malori na mabasi. China ndiyo mzalishaji mkubwa wa matairi duniani, na viwanda vyake haviwezi kusimama kwa sababu mlango mmoja umefungwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo masoko kama yetu yalipozidi kuwa na thamani kwao.

Lakini nchi ya kutengenezwa peke yake haitoi jibu. Michelin na Continental nao wana viwanda China. Pirelli, jina la Italia, tangu mwaka 2015 mwenye hisa nyingi ni kampuni ya serikali ya China. Linglong, ambayo wengi wetu tunaiita ya rahisi, imejenga kiwanda Serbia. Kwa hiyo anayesema hili la Mchina basi bovu, au hili la Mzungu basi zima, hajasoma kilichoandikwa ubavuni.

Hesabu ya kilomita

Wenye malori makubwa hawanunui tairi kwa bei ya dukani. Wananunua kwa kilomita. Tuchukue namba za mfano tu, kila mtu aweke zake. Tairi rahisi la Noah ni Sh130,000 na linadumu kilomita 35,000: kila kilomita imegharimu Sh3.70 hivi. La ghali ni Sh280,000 na linakwenda kilomita 60,000: hapo kilomita ni karibu Sh4.70. Tairi rahisi limeshinda, na dereva wa Noah anayelichagua si mjinga.

Sasa twende kwenye lori. Tairi rahisi la Sh500,000 linalokwenda kilomita 60,000 linagharimu Sh8.30 kwa kilomita. La Sh1,000,000 likienda kilomita 100,000 ni Sh10. Bado rahisi liko mbele. Ila mwili wa tairi zuri unaweza kuvishwa mpira mpya kiwandani. Ukilipa Sh300,000 kulivisha mara moja na likaenda kilomita 80,000 nyingine, jumla ni Sh1,300,000 kwa kilomita 180,000, yaani Sh7.20. Hapo ndipo tairi ghali linapolipa: kwenye maisha yake ya pili. Asiye na mpango wa kulivisha, au anayeliacha lilike mpaka nyuzi zitokeze, amelipia kitu ambacho hatakitumia.

Na barabara nayo ina kauli yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900 za lami, na tairi linaweza kulika polepole mpaka mwisho. Kwenye barabara ya vumbi na mawe makali tairi halifi kwa kulika. Linafa kwa kuchanwa ubavu, na jiwe halichagui chapa. Mwenye pikapu anayeingia vijijini kukusanya mahindi ana sababu nzuri ya kutofunga tairi la bei ya juu, mradi anunue lenye ubavu mgumu na uwezo wa mzigo anaoubeba.

Kinachokosekana kwenye hesabu hii ni breki. Tofauti kubwa kati ya tairi zuri na baya huonekana kwenye lami iliyolowa, gari linapotakiwa kusimama ghafla, kwa mfano kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke mvua ikinyesha. Ulaya tangu mwaka 2012 matairi huuzwa na kibandiko kinachoonyesha daraja la kushika lami yenye maji, A likiwa bora. Kwetu kibandiko hicho hukutana nacho kwa bahati, na kikiwepo mnunuzi akisome kabla hakijabanduliwa. Alama nyingine ni herufi E yenye namba ndani ya duara, ubavuni, inayoonyesha kwamba aina hiyo ya tairi imepita vipimo vya kimataifa. Yapo matairi ya bei ya kati, ya India na hata ya China, yenye alama hiyo. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuangalia jina.

Uzito, jambo tunalolipuuza

Kama nafasi ingekuwa ya jambo moja tu, ningeandika hili. Noah nyingi hufunga tairi la 195/65R15, na baada yake huandikwa 91. Hiyo 91 ni uwezo wa mzigo: kilo 615 kwa tairi moja, likiwa limejazwa upepo sawasawa. Matairi manne ni kilo 2,460. Gari lenyewe tupu ni takriban tani moja na nusu. Zinabaki kilo 900 na ushei. Weka watu kumi, kila mmoja kilo 65, umefika 650. Ongeza magunia matatu ya kilo 100 juu na nyuma, umefika ukingoni. Na uzito haugawanyiki sawa, nyuma ndiko kunakolemewa. Tairi linalolemewa huku upepo ni pungufu hupata joto ndani, na joto ndilo linalolipasua. Kwenye gari la namna hiyo hata Michelin itapasuka.

Kwa Hiace hatari ni nyingine. Tairi lake halisi ni la gari la mzigo, lenye herufi C au LT na namba ya uwezo kama 107/105, maana yake kilo 975 likiwa moja. Anayetaka kuokoa fedha humfungia la gari dogo lenye kipimo kinachokaribiana. Kwa nje huwezi kutofautisha haraka. Mizani za barabarani nazo hazitamkamata, zimetengenezwa kwa ajili ya malori, ambayo kwa sheria ya Afrika Mashariki kikomo chake ni tani 56.

Kwa wanaouza matairi kuvuka mpaka

Kundi hili ni tofauti na linaumia kwa namna yake. Wengi wamezoea cheti cha uasili wa bidhaa kilichorahisishwa, kile kinachomwezesha mfanyabiashara mdogo kupitisha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani bila ushuru wa forodha. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Tairi la China halikui la Afrika Mashariki kwa kununuliwa Kariakoo au Nairobi. Nimeona watu pale mpakani wakibishana na ofisa kwa risiti mkononi, risiti halali kabisa, lakini inathibitisha mahali tairi liliponunuliwa, si lilikotengenezwa.

Viwango navyo havijashikana. TBS, KEBS na UNBS kila moja ina utaratibu wake wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kutoka nje, na mwenye kontena moja la kuuza nchi mbili anajikuta na makaratasi ya nchi moja tu. Huu ndio udhaifu ninaoulaumu zaidi. Mpaka wa huduma za pamoja umejengwa, maofisa wanakaa chumba kimoja, lakini tairi lilelile linaulizwa maswali mawili.

Bei nayo hubadilika kila mwaka. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja una ngazi nne, asilimia 0, 10, 25 na 35, lakini kila nchi huweza kuomba ruhusa ya kutoza tofauti kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja. Ruhusa hizo hutangazwa kwenye gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni na kuanza kutumika Julai mosi. Anayepanga kuagiza kontena la matairi mwezi Mei kwa hesabu za mwaka uliopita anacheza bahati nasibu. Ni afadhali apige simu kwa wakala wake wa forodha wiki ya mwisho ya Juni, aulize sura ya 40 ya orodha ya ushuru, kifungu 4011, ndipo alipe.