SIMU NA LAPTOPU KUWA KITU KIMOJA: NI CHOMBO CHA NANI?

Ndugu Wanachama,

Siku hizi kuna maneno mengi yanayosemwa juu ya simu janja na laptopu. Wako wenye kusema kwamba karibu havitakuwa vitu viwili tena, bali kimoja. Mtu atakuwa na chombo chake mfukoni. Akiwa njiani ni simu, na akifika mezani atakichomeka kwenye skrini kubwa na kibodi, nacho kitakuwa kompyuta. Wengine husema huo ni mchezo wa matajiri, haumhusu mtu wa mataruma na grisi. Sisi twasema unatuhusu sana, tena unatuhusu sisi kabla ya hao matajiri. Twaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Kwanza yafaa kujua kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1996 Nokia walitoa simu iliyofunguka kama kitabu, na ndani yake mlikuwa na kibodi. Mwaka 2011 Motorola walitoa simu iitwayo Atrix, pamoja na ganda la laptopu lisilokuwa na akili yake lenyewe. Ukiiweka simu nyuma yake ganda linaamka, ukiiondoa linalala. Mwaka 2013 wenye programu ya Ubuntu waliomba watu duniani wachange dola milioni 32 ili watengeneze simu ya namna hiyo, na fedha hazikutimia. Mwaka 2015 Microsoft walijaribu, wakaacha. Mwaka 2017 Samsung walileta njia yao iitwayo DeX, nayo ndiyo iliyodumu. Mwaka 2025 Google walitangaza kwamba wanatia njia kama hiyo katika Android yenyewe.

Basi mtu atauliza, kwa nini miaka karibu 30 ya kujaribu? Sababu ya kwanza ni kwamba simu za zamani hazikuwa na nguvu. Sababu ya pili, kwa maoni yetu, ni biashara. Mwenye duka anayekuuzia vitu viwili hana haraka ya kukuuzia kimoja. Tazameni Apple. Mwaka 2020 walianza kutia katika laptopu zao kichwa cha kompyuta kilichotokana na vile vya simu zao, kiitwacho M1, na mwaka 2021 wakatia hicho hicho katika kibao chao cha iPad. Akili ni moja, lakini bado wanaviuza viwili, na mnunuzi analipa mara mbili.

Sasa tuje kwetu. Sisi ni watu wa Kegonga, huku Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Kegonga hakuna reli. Mtu wa kwetu akitaka kazi ya reli hupanda matatu, apite Kehancha, Migori, Rongo na Kisii mpaka Kisumu, mahali ambapo reli ilifika mwaka 1901. Tukirudi nyumbani likizo twaona mambo kwa macho yetu. Laptopu huku ni chache. Bei yake ni mshahara wa mwezi mzima na zaidi. Lakini simu iko karibu kila boma. Kijana anayeomba nafasi ya chuo anaandika barua yake kwa kidole gumba juu ya kioo kidogo kama kiganja. Mama anapokea fedha za M-Pesa kwa simu hiyo hiyo, na baba anaangalia kwayo mambo ya SHA, ile bima ya afya iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kijana mmoja alituambia, "Tata, hii simu ndiyo shule yangu, ndiyo benki ya mama, na ikizima chaji sisi sote tumelala."

Kwa hiyo, ndugu, kule ng'ambo wanajadiliana kama simu na laptopu ziungane. Huku kwetu zimekwisha kuungana, na aliyeziunganisha ni umaskini. Tofauti ni kwamba tajiri ataunganisha na kupata skrini kubwa, na sisi tumeunganisha tukabaki na kioo kidogo.

Hatupingi chombo kimoja. Sisi watu wa reli twajua hasara ya vitu viwili visivyopatana. Tangu reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, tuna reli pana na reli ya mita, na mzigo wa kwenda Uganda huhamishwa Naivasha kutoka behewa moja kwenda jingine. Ni kazi mara mbili kwa mzigo mmoja. Hali kadhalika karani aandikaye hesabu katika simu, kisha aihamishe katika kompyuta, kisha airudishe katika simu. Kama kijana wa Kegonga angeweza kuchomeka simu yake kwenye skrini na kuandika kwa vidole kumi, twasema hiyo ingekuwa baraka kubwa kuliko hotuba mia.

Lakini reli imetufundisha mambo mengine mawili, nayo yafaa kukumbukwa.

La kwanza ni taa ya mkono. Ndugu wote wanaijua. Taa ile ni taa tatu katika moja: nyeupe, kijani na nyekundu. Mtu aligeuza kioo tu, akamwambia dereva njoo, polepole, au simama. Huo ni muungano mzuri, umeokoa roho nyingi. Lakini angalieni: taa ile ilikuwa mali ya reli. Mafuta yalitoka stoo ya reli. Kioo kikivunjika, ulikwenda stoo ukapewa kingine. Hakuna mfanya kazi aliyeambiwa anunue taa yake kwa mkopo, aitie mafuta kwa mshahara wake, na kisha mwenye duka awe na uwezo wa kuizima katikati ya usiku.

La pili ni Garratt. Waendao kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli pale Nairobi wataiona moja, namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Injini za namba 59 zilikuwa 34, zikatengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956. Garratt ni injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na katikati boila moja inayozilisha zote mbili. Zilivuta mizigo mizito kupanda kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Muungano ule ulikuwa na nguvu ya kweli. Lakini boila ikiharibika, injini zote mbili zimesimama. Na tena, kazi ya injini mbili ilifanywa na dereva mmoja na wenzake wa zamu moja. Hapo mfanya kazi mwenye akili huuliza: faida ya injini ya pili inaingia mfuko wa nani?

Maswali hayo mawili ndiyo tuyaulizayo juu ya simu iliyo kompyuta. Boila ikizimika itakuwaje? Na faida inakwenda wapi?

Juu ya boila tutaeleza jambo tuliloliona. Mwenzetu mmoja wa genge alichukua simu kwa mkopo, ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Mikopo ya namna hii imeenea sana Kenya, na masharti yake ni kwamba usipolipa, simu inafungwa kwa mbali. Mwezi mmoja mtoto wake aliugua, fedha zikaenda hospitali, malipo ya simu yakasimama. Asubuhi simu ikafungwa. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na orodha ya zamu, kwa kuwa siku hizi inatumwa kwa WhatsApp. Mlikuwa na hati ya mshahara. Mlikuwa na picha za vyeti vyake na namba za watu waliotaka kumkopesha. Hakuona kwamba zamu yake imebadilishwa, akachelewa kazini, akapewa barua ya onyo. Deni lilikuwa la shilingi chache, lakini lilifunga mlango wa nyumba nzima.

Sisi watoto wa Kuria twalijua jambo hili kwa jina jingine. Wazazi wetu walilima tumbaku. Mkulima alipewa mbegu na mbolea kwa mkopo, na siku ya kuuza akakatwa kwanza, kisha akapewa kilichobaki. Mkopo si dhambi. Lakini mtu aliyekukopesha jembe asiwe na uwezo wa kulifunga jembe lako msimu wa kupanda. Kadiri vitu vingi vinavyotiwa katika chombo kimoja, ndivyo kufuli moja linavyokuwa na nguvu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Juu ya faida, tazameni kazini. Zamani mwajiri akitaka karani aandike, alimpa meza, kiti, karatasi na taipureta. Sasa anasema, "Si una simu?" Ripoti inaandikwa kwa simu ya mfanya kazi, picha ya njia iliyoharibika inapigwa kwa simu yake, bando ni lake, na chaji ni yake. Simu ikianguka kwenye kokoto ikavunjika, hasara ni yake. Siku simu itakapokuwa kompyuta kamili, mwajiri atasema na ofisi nzima ni yake huyo mfanya kazi. Naye atachukua kazi bila kununua hata msumari.

Tena kuna saa za kupumzika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi apate siku moja ya mapumziko, angalau, katika kila siku saba. Lakini ofisi ikilala pamoja nawe chini ya mto, siku hiyo iko wapi? Ufaransa walitia sheria, ikaanza tarehe 1 Januari 2017, kwamba mfanya kazi ana haki ya kutojibu simu na barua za kazi akiwa nje ya saa zake. Kwetu, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa namna hiyo mwaka 2022, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Hatuna haja ya kungoja Bunge. Maneno hayo yaweza kuandikwa katika mapatano yetu na mwajiri.

Na liko jambo moja kubwa kuliko yote. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa bandari na wa reli pale Mombasa waliweka chini zana zao, na mji ukasimama. Waliweza kuziweka chini kwa sababu hazikuwa zao. Nyundo ilikuwa ya mwajiri. Ukiiacha, mwajiri ndiye anayepungukiwa. Lakini zana ikiwa ni ile ile yenye akiba ya mama yako, shule ya mtoto wako na bima ya hospitali, utaiwekaje chini? Chombo ambacho huwezi kukiweka chini hakikutumikii wewe. Wewe ndiwe unayekitumikia.

Kwa hayo yote, twapendekeza haya kwa mkutano wa tawi:

(1) Chombo cha kazi kitoke kwa mwajiri, kama taa ya mkono ilivyotoka stoo. Kama mwajiri anataka tutumie simu zetu, alipe bando na matengenezo, na jambo hilo liandikwe katika mapatano.

(2) Orodha ya zamu ibandikwe ubaoni kila mara, hata ikitumwa kwa simu. Na hati ya mshahara itolewe kwa karatasi kwa kila aitakaye. Sheria ile ile ya 2007 yataka mfanya kazi apewe maelezo ya mshahara wake kwa maandishi. Simu iliyofungwa si maandishi.

(3) Zamu ikiisha, mtu asiadhibiwe kwa kutojibu, isipokuwa kwa ajali au hatari ya njia.

(4) Tawi lichange linunue skrini moja na kibodi mbili tatu za kuweka katika ofisi yetu. Twajua simu nyingi za bei nafuu haziwezi kutoa picha kwenye skrini kubwa kwa waya. Mwaka 2023 kiwanda cha Athi River kilianza kuunganisha simu za Sh. 7,499, na hilo ni jambo jema, lakini simu ya bei hiyo usiitegemee kuwa kompyuta. Hata hivyo kibodi isiyo na waya, ya Bluetooth, hukubali simu ya kawaida. Kwa kibodi hiyo mtoto wa mwanachama ataandika barua yake kama mtu, wala si kwa kidole gumba.

(5) Kila mwanachama, kabla ya kuchukua simu ya mkopo, aulize mambo matatu: jumla nitalipa kiasi gani, itafungwa baada ya siku ngapi, na ikifungwa je, naweza kuzitoa hati zangu? Na hati za maana zisikae mahali pamoja tu. Nakala moja ya karatasi ndani ya sanduku haifungwi na mtu aliye mbali.

Ndugu, wako watakaosema sisi tunaogopa mambo mapya. Si kweli. Hatukuiogopa dizeli ilipoondoa mvuke, tulijifunza tukaiendesha. Tutajifunza na hili. Simu na laptopu ziungane, na iwe heri. Lakini mabwana wa biashara wanapounganisha vyombo vyao, na sisi tuunganishe sauti zetu, tuulize mapema chombo ni cha nani, anayekilipia ni nani, na ufunguo wake uko mkononi mwa nani. Tusipouliza sasa, tutakuja kuuliza siku kimefungwa.

Njoni mkutanoni wote, msiwaachie viongozi peke yao.

Umoja ni Nguvu.

Ni sisi wenzenu wa genge la njia, watu wa Kegonga.