Nilimkata mjomba bila kisu!

Wiki hii nimeadhirika, tena mbele ya bibi yangu mzaa mama. Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kijiweni.

Basi bwana, kaka yangu hapa Mwanga, Kigoma, kanunua printa ya rangi, akaiunga kwenye kompyuta yake ya mezani. Tangu siku hiyo mimi ndiye studio ya mtaa. Picha za kwenye simu nazitoa mwenyewe, na kujidai juu! Nikakumbuka kwamba bibi kule Ujiji ana picha moja ya miaka ya 60, iko ukutani, na unyevu umeanza kuila. Nikasema, hapa ndipo pa kumfurahisha bibi.

Nikapanda daladala, nikaipiga ile picha kwa simu, nikarudi. Nikatia karatasi ya kung'aa ya sentimita 10 kwa 15, ile inayouzwa sana, nikabonyeza. Ikatoka bomba! Babu, enzi hizo mpakia mizigo bandarini Kigoma, kasimama katikati na shati jeupe. Bibi kakaa kitini kama malkia.

Kesho yake nikampelekea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaipokea, akasogea nayo mlangoni penye mwanga. Kimya. Halafu akaniuliza polepole: "Na huyu wa pembeni umempeleka wapi?"

Wa pembeni yupi tena? Nikaangalia ukutani. Kweli, kuna mtoto wa kiume mwisho kabisa wa picha, kashika kiti cha mama yake. Kwenye picha yangu vimebaki vidole tu.

"Huyo ni mjomba wako wa kwanza," bibi akasema. "Surua ilimchukua kabla mama yako hajazaliwa. Picha yake ni hiyo hiyo moja."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikarudi Mwanga kutafuta nilipochemsha. Kumbe picha ya bibi ni ya mraba, pande zote sawa. Zamani kulikuwa na kamera za filamu pana zilizotoa negativu ya sentimita 6 kwa 6, ndiyo maana majumbani kwetu picha za mraba zipo tele. Sasa karatasi ya 10 kwa 15 siyo mraba. Ukiiambia kompyuta ijaze karatasi nzima, haikuulizi nani ni nani, inakata tu. Picha ya mraba ukiijaza kwenye karatasi hiyo iliyosimama, thuluthi ya upana inakwenda na maji, kipande kushoto, kipande kulia. Mjomba alikuwa humo.

Kwa hiyo wewe mwenye printa nyumbani, au unayemtuma mwenzio, sikiliza.

Kwanza, anza na fremu, siyo karatasi. Toa kioo cha fremu ukipime kwa rula. Usipime uwazi wa mbele, kwa sababu mbao inafunika milimita kadhaa kila upande. Kioo cha bibi kilikuwa sentimita 18 kwa 18.

Pili, ipige picha ya zamani nje, kivulini. Mimi safari ya pili nilikaa chini ya mwembe, simu nikaishika sambamba na picha, bila flashi. Flashi inaacha doa jeupe usoni mwa mtu.

Tatu, hesabu pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha. Kila sentimita moja inataka kama pikseli 118 ili picha itoke safi. Sentimita 18 mara 118 ni pikseli 2,124 kila upande. Paspoti ya sentimita 3.5 kwa 4.5 inataka 413 kwa 531 tu. Na picha usijitumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana inabanwa na pikseli zinapungua. Itume kama faili, au tumia waya.

Nne, fungua programu ya kuandikia, kama Word au LibreOffice ambayo ni ya bure, weka picha kwenye ukurasa wa A4, kisha andika mwenyewe upana na urefu kwa sentimita. A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo 18 zinaingia bila kusukumana. Ukibadili upande mmoja, acha mwingine ufuate wenyewe, la sivyo watu watanenepa au watarefuka kama minazi.

Tano, wakati wa kuchapa chagua saizi halisi, asilimia 100, siyo kujaza karatasi. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida, upime kwa rula. Ikiwa sawa, ndipo utie karatasi ya picha ya A4, na uiambie printa kwamba hiyo ni karatasi ya picha. Ikitoka, iache usiku mzima ikauke kabla ya kuibananisha na kioo, halafu kata kwa wembe na rula.

Jumapili nikarudi Ujiji. Nikaitia picha mpya kwenye fremu ile ile, ikakaa kama imezaliwa humo. Ile ya zamani tukaifunga kwa kitambaa kikavu, bibi akaiweka sandukuni. Msiitupe ya zamani, jamani, hata mpya ing'ae vipi.

Bibi akaipeleka tena mlangoni. Hakumwangalia babu, hakujiangalia mwenyewe. Alianza kule pembeni. Kisha akaniambia, "Kaa ule, kuna mgebuka."

Basi wapenzi, kabla hujabonyeza, hesabu vichwa. Tuonane wiki ijayo!