Tuchore Kwanza Safari ya Gunia

Nataka kusema juu ya kazi mpya ya kikundi chetu cha kompyuta, yaani programu ya hesabu za korosho za wazee wetu wa Chilangala.

Wenzangu wamekwisha fungua mradi mpya katika programu ya kuchorea, na sasa wanashindana kupaka visanduku rangi. Mimi sikubaliani nao. UML, lugha ya michoro iliyokubaliwa na chama cha OMG mwaka 1997, ina aina 14 za michoro katika toleo la 2.5, hapana mtu aliyetuamuru kuzitumia zote! Yatutosha moja: ile ionyeshayo nani anampa nani kitu gani, na kwa zamu ipi.

Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zikapimwa, akapewa stakabadhi. Kisha zaenda ghala kuu na mnadani, na fedha hupitia benki. Basi gunia likipimwa chamani kilo 80, na ghala kuu likaonekana kilo 79, kilo ile moja ni ya nani? Katika mchoro wa wenzangu haina hata mshale. Mzee atakatwa fedha, na kompyuta haitajua sababu.

Wako wasemao mchonga vinyago hachori kwanza. Sawa, lakini gogo lake liko mbele yake. Sisi wengi wetu ghala kuu hatujapata kuliona. Naomba Jumamosi tuziache kompyuta, twende na karatasi kwa karani wa chama tukamwulize.