Ada ipande, lakini isiruke

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaokaribia kumaliza sekondari,

Mama mmoja aliniuliza mlangoni: "Mwalimu, ni kweli chuo kimepanda bei?" Ni kweli. Kwa zaidi ya miaka kumi, minerval kamili, yaani ada ya mwaka, katika vyuo vikuu vya Kifaransa hapa Ubelgiji ilikuwa yuro 835. Oktoba 2025 serikali ya Fédération Wallonie-Bruxelles iliamua iwe yuro 1,194 kuanzia mwaka wa masomo 2026-2027. Nyongeza ya yuro 359 kwa mkupuo mmoja!

Wapo wanaosema si kitu, ni kama yuro 30 kwa mwezi, na Uingereza wanalipa zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka. Sikatai kwamba vyuo vina gharama. Ila mimi ni nesi. Dawa ya wiki nzima ukimpa mgonjwa siku moja, hujamtibu. Mishahara yetu hapa hupanda kidogo kidogo kufuata bei za vitu. Ada nayo ingepanda hivyo, tungejipanga.

Mwenye kipato kidogo akipata msaada wa masomo, halipi minerval. Tajiri hatahisi kitu. Anayebanwa ni wa katikati: mfanya usafi au dereva wa basi aliyezidi kiwango, naye ana watoto wawili chuoni. Kwetu, baba alikuwa na karo ya mtoto mmoja tu. Akaenda kaka. Mimi nikaishia sekondari, kisha nikajifunza uuguzi. Simlaumu baba, pesa ndiyo iliyochagua. Sitaki ichague tena kati ya watoto wetu hapa Brussels.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, ombeni msaada uitwao allocation d'études kabla ya mwisho wa Oktoba, hata kama mnadhani hamtapata. Wengi wetu hatuombi kwa kuogopa makaratasi. Nileteeni, tutajaza pamoja baada ya darasa. Pili, wenye kura, waulizeni wanasiasa wanaokuja kutuomba: mtaweka sheria kwamba ada isipande kupita bei za vitu?

Nanyi watoto, msiseme chuo si chetu kabla ya kuuliza.